Sura ya 6: Tenga Sebuleni

Boksi lilipasuka Segera. Lilikuwa boksi la mafuta ya kula, gumu kabisa likiwa kavu, nami nilikuwa nimelitoboa matundu kwa kisu na kulifunga mara mbili kwa kamba ya katani. Ndani alikuwamo Kungu, paka wa kijivu aliyezaliwa chini ya kitanda changu Dar es Salaam. Tulikuwa tunakwenda Tanga kwa mama. Alilia tangu tulipotoka Ubungo, enzi stendi ikiwa bado pale, na tulipopita Chalinze akanyamaza. Nilishukuru. Kumbe alikuwa amejikojolea, na mkojo ule ulikuwa unailainisha kadibodi polepole, kilomita baada ya kilomita.

Basi liliposimama Segera watu wachimbe dawa na kununua machungwa, niliinua boksi ili nimpatie maji kivulini. Mikononi nikabaki na kuta nne na kamba. Kitako kilibaki sakafuni. Nilimwona mgongo tu, akishuka ngazi za basi kati ya miguu ya watu, akapita chini ya lori lililoegeshwa na kutokomea kwenye majani nyuma ya vibanda. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Konda alinivumilia dakika kumi, kisha dereva akapiga honi.

Siku mbili baadaye nilirudi Segera na mfuko wa dagaa. Mama mmoja muuza chai aliniambia kwamba usiku wa kwanza alisikia paka akilia nyuma ya choo, na usiku wa pili hakumsikia. Nilikaa pale hadi jioni. Sikumpata.

Kwa muda mrefu nililaumu lile boksi. Lilikuwa na kosa lake, lakini kosa kubwa lilikuwa langu, la kuanza kufikiria safari ya paka usiku wa kuamkia safari. Nguo zangu nilizipanga wiki nzima. Tiketi nilikata siku nne kabla. Kungu nilimkumbuka saa tatu usiku, nikatoka kwenda dukani kwa Mangi kuomba boksi tupu.

Paka ameshikamana na mahali kuliko tunavyodhani. Ukimwona anasugua shavu kwenye mguu wa meza, kwenye kizingiti, kwenye ndara zako, anapaka harufu inayotoka kwenye tezi za mashavuni mwake. Nyumba nzima ameiandika hivyo, kuanzia kona ya jiko mpaka ukuta wa jirani. Anaijua kwa pua kuliko kwa macho. Ukimchukua ghafla na kumfungia kwenye chombo asichokijua, kisichonuka chochote cha kwake, unakuwa umemfutia dunia yake yote kwa mara moja. Na kwa paka wengi wa mitaani kwetu, kufungiwa kuna maana moja tu. Paka akiiba samaki wa jirani mara tatu, hutiwa kwenye kiroba na kwenda kutupwa sokoni au ng'ambo ya mto asiweze kurudi. Sishangai kwamba paka akiona gunia hukimbia.

Ndiyo maana paka wangu wa sasa, Chui, aliliona tenga lake wiki tatu kabla ya safari yoyote. Nilimwendea fundi anayesuka matenga ya kuku, nikamwomba asuke fito kwa karibu zaidi, aweke mfuniko unaofungwa kwa waya, na kitako kiwe cha ubao. Nililiweka katikati ya sebule, likiwa wazi, na ndani nikatandika kanga yangu kuukuu ambayo kwa makusudi sikuifua. Siku mbili za kwanza alilizunguka kwa mbali. Siku ya tatu nilimwekea dagaa mbele ya mlango, ya tano nikawaweka ndani. Wiki ya pili nikawa nafunga mlango kwa dakika moja akiwa anakula, kisha kwa dakika tano. Wiki ya tatu nililibeba tenga naye akiwamo mpaka uani, kesho yake mpaka barabarani, na Jumamosi tukapanda bajaji kwenda sokoni na kurudi. Majirani walinishangaa. Lakini siku ya safari yenyewe nilipolifungua tenga, aliingia mwenyewe.

Katika wiki hizo hizo ndipo mnyama anatakiwa kumwona daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kutolewa mnyama akiwa na umri wa miezi 3, kwa mbwa na kwa paka pia, na hurudiwa kwa ratiba atakayoiandika daktari kwenye kadi. Siku hiyo mpatie dawa ya minyoo, na akaguliwe viroboto na kupe, kwani kupe wa mbwa hubeba vijidudu vya damu vinavyoweza kumlaza mnyama katikati ya safari akiwa mbali na msaada wowote. Mwulize pia kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama kutoka ofisi ya mifugo ya wilaya, hasa kama unavuka maji kwenda Unguja au Pemba. Jibu la swali hilo ulipate wiki tatu kabla, usilisubiri bandarini.

Lipo jambo moja la dawa ambalo lazima nilikazie, kwa kuwa nimeshuhudia watu wema wakiua wanyama wao kwa huruma. Usimpe paka Panadol. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunjavunja dawa hiyo kama mwili wa binadamu. Inaharibu damu yake mpaka ishindwe kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Dawa za usingizi nazo usijiamulie mwenyewe. Mnyama aliyelewa dawa hawezi kujishikilia gari likikata kona, hawezi kupoza mwili wake vizuri joto likizidi, na mashirika ya ndege hukataa kumpokea mnyama aliyeleweshwa. Kinachosaidia zaidi ni kutomlisha kwa saa nne hadi sita kabla ya kuondoka ili asitapike, na kumpa maji kidogo kidogo njiani.

Nilipohamishiwa Mwanza kikazi, nilikwenda kwenye ofisi ya mabasi siku tatu kabla nikauliza kama naweza kusafiri na paka. Kijana wa dirishani hakuwa na hakika. Nikakata viti viwili. Asubuhi ya safari, saa kumi na moja alfajiri, konda alituzuia mlangoni.

"Dada, huyo anakwenda kwenye buti."

"Kaka yangu, kwenye buti hafiki."

"Abiria watalalamika."

"Nimelipia viti viwili. Tenga litakaa kiti cha dirishani nami pembeni yake. Nitalifunika kanga. Akichafua, nitasafisha mwenyewe."

Alizitazama tiketi, akalitazama tenga, akauvuta ule waya wa mfuniko kwa kidole kuona kama umekaza. "Haya, ingia. Akitoka, mnashuka wote wawili."

Sikumlaumu. Kazi yake ni kuwafikisha watu zaidi ya hamsini salama. Lakini kuhusu buti nisingekubali, na msomaji naye asikubali hata akiambiwa kwamba kuku husafiri humo kila siku. Buti la basi liko karibu na joto la injini na moshi wa bomba, vumbi linaingia, mizigo inateleza, na mnyama akizidiwa hakuna anayemsikia. Utagundua stendi ya mwisho.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Hadi Morogoro Chui alilia, sauti ya chini, ndefu, ya kujirudia. Niliweka vidole kwenye nafasi za fito avinuse na sikumsemesha sana, kwani sauti ya wasiwasi humwongezea mnyama wasiwasi. Kanga ilisaidia kuliko kitu chochote. Paka asiyeona miti ikikimbia dirishani hutulia upesi. Baada ya Gairo alilala.

Upande wa pili wa ujia alikaa bibi mmoja aliyekuwa anarudi Nzega. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza nimebeba nini. Nilipomwambia ni paka, alinyamaza kidogo, akasema kwao paka hahamishwi, huachwa na nyumba. Basi tukasafiri. Tulipopita Manyoni jua lilikuwa kali, kiyoyozi kilikuwa kimezimwa na upande wetu ulikuwa wa jua. Nilisinzia. Bibi ndiye aliyenigusa bega.

"Mwanangu, mbona paka wako anahema kama mbwa?"

Nilifunua kanga. Chui alikuwa amefungua mdomo, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka haraka. Mbwa kuhema hivyo ni kawaida, ndiyo njia yake ya kupoa. Paka akifanya hivyo katika joto, yuko hatarini. Joto la kawaida la mwili wake ni kama nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Nilihamishia tenga upande wa kivuli, bibi akasogea kunipisha bila kuombwa. Nikalowanisha kitambaa kwa maji ya kawaida, si ya barafu, maana baridi kali hubana mishipa ya ngozi na kulifungia joto ndani. Nikampangusa nyayo, masikio na tumbo. Bibi alikuwa anampepea kwa daftari la mjukuu wake. Ilichukua muda, labda kutoka pale hadi karibu na Singida, mdomo ukafunga. Alikunywa maji kwenye kiganja changu. Tulipokuwa tunashuka Sekenke alikuwa amelala tena, na bibi alikuwa amepitisha kidole kwenye fito anamkuna kichwani.

Aliposhuka Nzega aliniambia nimfungie paka ndani mpaka azoee, asije akanitoroka. Alikuwa sahihi kabisa, na nitalirudia hilo.

Kwa mbwa mambo hubadilika. Mbwa humfuata mtu zaidi ya nyumba. Akiwa na mwenyewe, mahali pageni humsumbua kidogo tu. Ugumu wake ni nafasi ndani ya chombo cha usafiri. Pwani na sehemu nyingi za nchi yetu, abiria wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyevaa kanzu safi, anayetaka kusali adhuhuri basi litakaposimama, akikataa kukaa jirani na mbwa wako hana chuki na mnyama. Analinda ibada yake. Paka hana tatizo hilo. Yeye ni tohara, na tunakumbuka kwamba Abu Huraira, mmoja wa wapokezi wakubwa wa hadithi, aliitwa hivyo kwa sababu ya kipaka chake. Katika hadithi sahihi yumo pia mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie, na nadhani mtu anayefunga nyumba na kwenda likizo paka akiwa ndani angeikumbuka hiyo.

Kwa mbwa, basi, ninachoshauri ni gari la kukodi au la rafiki, gharama mkichangia wawili watatu wenye mbwa. Akae kiti cha nyuma amefungwa mkanda wa kifuani, ule unaopita mbavuni, au awe ndani ya tundu. Usimfunge kwa mnyororo wa shingoni nyuma ya pikapu iliyo wazi, kwa sababu gari likiruka tuta anadondoka nje na mnyororo unamnyonga. Na usimwache kamwe ndani ya gari lililofungwa. Katika jua letu, ndani ya dakika kumi joto ndani ya gari hupanda kwa nyuzi karibu kumi juu ya lile la nje, na kushusha kioo vidole viwili hakupunguzi kitu cha maana. Mbwa hutoka jasho kwenye nyayo tu. Anategemea kuhema, na kuhema hupoza kwa kukausha unyevu wa ulimi. Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, mbwa hupoa kwa shida kuliko Dodoma hata kama nyuzi za joto ni zile zile. Mbwa wa pua bapa, na paka wa aina hiyo, ndio huzidiwa kwanza. Mashirika mengi ya ndege hayawapokei katika sehemu ya mizigo.

Watu hunung'unika kuhusu karatasi. Nami nilinung'unika, mpaka niliposoma yaliyotokea Pemba.

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na takribani wote, asilimia 99, hukipata kwa mbwa. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huo unazuilika kwa sindano ya bei ndogo. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, virusi hukosa pa kupita. Pemba walilithibitisha hilo. Mwaka 2010 ugonjwa ulikuwa umeenea kisiwani. Zikaanzishwa kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka, na ilipofika Mei 2014 ulikuwa umetoweka kabisa. Halafu chanjo zikalegea, kama inavyotokea hatari ikishasahaulika. Mwishoni mwa 2016 ukarudi. Watafiti waliosoma vinasaba vya virusi wakatambua kwamba viliingia mara mbili, kwa njia mbili zisizohusiana. Watu wakaumwa, chanjo za kisiwa kizima zikarudishwa, na Oktoba 2018 ugonjwa ukakoma tena.

Virusi haviogelei. Ili vivuke mkondo wa Pemba vinahitaji mnyama aliyepakiwa chomboni. Na mnyama huyo anaweza kupanda akiwa mchangamfu, anakula, anatikisa mkia, kwa kuwa kutoka kuambukizwa hadi kuonyesha dalili hupita wiki kadhaa, pengine miezi. Hakuna ofisa wa bandari anayeweza kuuona ugonjwa huo kwa macho. Anachoweza kuona ni kadi ya chanjo yenye tarehe. Anayemvusha mbwa kimagendo ndani ya kapu usiku anaweza kuwa amebeba kifo cha mtoto asiyemjua, kisiwani ambako watu walishaumaliza ugonjwa huo kwa jasho lao. Na ukiumwa na mbwa popote pale, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Kungoja kwa miezi, jambo linalowachosha watu wanaohamia Ulaya na wanyama wao, kunatokana na sababu hiyo hiyo. Dada yangu mkubwa alipata kazi Hamburg, naye ana mbwa, Simba, mbwa wa kawaida wa kienyeji mwenye rangi ya mchanga. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziona zina udhibiti wa kutosha wa kichaa cha mbwa, hivyo mnyama anayetoka huku hupitia hatua nyingi zaidi. Anawekwa kwanza chipu chini ya ngozi ya shingo, yenye namba ya tarakimu 15. Ndipo anachanjwa. Zikipita siku 30 au zaidi anatolewa damu, na damu inapelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo kupimwa kama kinga imefikia angalau nusu ya yuniti ya kimataifa katika kila mililita. Kuanzia siku ya kutoa damu, anangoja miezi 3 kamili. Mwishoni, si zaidi ya siku 10 kabla ya kufika, daktari wa serikali anatia saini cheti cha afya.

Simba alichanjwa Januari. Chipu akawekewa Aprili, kwa sababu daktari aliyekuwa anamhudumia hakuwa nazo wakati ule na hakuona shida kuagiza baadaye. Damu ikatolewa mwezi huo huo. Ndege ilikuwa mwisho wa Julai. Juni, dada alipopeleka makaratasi yakaguliwe, ofisa akaweka kidole kwenye tarehe mbili. Chanjo ilitangulia chipu. Kwa sheria ya Ulaya chanjo hiyo haipo, kwa vile hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa aliyechomwa Januari ndiye huyu mwenye namba ya Aprili. Na kipimo cha damu kilichofuata nacho hakipo.

Dada alilia pale ofisini. Nilikuwa naye. Kosa la mpangilio wa sindano mbili lilikuwa limefuta miezi sita ya maandalizi, fedha za maabara na tiketi ya mbwa. Simba alichanjwa upya Juni ile ile, akatolewa damu Julai, na hesabu ya miezi mitatu ikaanza. Dada akaondoka peke yake. Simba akaenda Tanga kwa mama, ambaye hakuwa amewahi kuishi na mbwa uani, na kwa wiki ya kwanza Simba alilala getini akitazama barabara.

Hata kumtuma baadaye haikuwa rahisi. Mwenye mnyama anatakiwa asafiri ndani ya siku 5, kabla au baada ya mnyama wake, vinginevyo mnyama anahesabiwa chini ya masharti ya biashara. Kwa hiyo Novemba dada akachukua likizo, akarudi kumfuata. Tundu lake tulilichonga kwa vipimo vinavyotumika katika usafiri wa ndege: asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke mzima, alale akijinyoosha, na bakuli la maji lijazwe kutoka nje bila kufungua mlango. Ndani tukaweka shati la dada. Tulichagua ndege ya usiku, kwa sababu hatari kubwa kwa mbwa kutoka uwanja wa Dar es Salaam ni ile nusu saa ya kungoja kwenye lami kabla ya kupakiwa. Alifika salama. Ila miezi minne ile angeweza kuiokoa mtu mmoja tu wa kumwambia dada, tangu mwanzo, maneno mawili: chipu kwanza.

Nchi nyingine zina masharti yake, na hubadilika. Uingereza hadi mwaka 2000 ilikuwa inawaweka mbwa na paka karantini kwa miezi 6. Siku hizi njia ni ya chipu, chanjo na kipimo, pamoja na dawa ya tegu kwa mbwa itakayotolewa kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Marekani tangu Agosti 2024 haipokei mbwa aliye chini ya miezi 6 wala asiye na chipu. Na wale wenye kasuku wa kijivu wajue kwamba tangu 2017 ndege huyo amewekwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa biashara ya kimataifa ya wanyamapori. Kumvusha mpaka bila vibali ni kosa la jinai, hata kama ulirithi kwa babu.

Zipo safari ambazo mnyama hapaswi kwenda. Mzee sana, mgonjwa, mwenye mimba, au kitoto ambacho hakijamaliza chanjo, hao wabaki. Desemba ikifika, miji yetu inamwagika kwenda mikoani na nyumba nyingi hubaki na mbwa getini na mlinzi aliyeachiwa nusu gunia la dona. Nimeona mbwa wa nyumba za ghorofa wakifukua jalala tarehe 28. Ukimwachia mtu mnyama, mwachie pia fedha ya chakula iliyo mbali na mshahara wake, namba ya daktari, na kadi ya chanjo. Mwonyeshe kwa vitendo anakula nini, mara ngapi, maji yanabadilishwa saa ngapi. Mwambie wazi kwamba paka asipokula kwa siku mbili apelekwe kwa daktari, kwa kuwa ini la paka huharibika haraka kwa njaa, na kwamba paka dume anayechuchumaa na kukamua bila mkojo kutoka hawezi kusubiri hadi kesho. Kisha piga simu kila jioni. Mlinzi akijua utauliza habari za mbwa kabla ya habari za geti, mbwa atakula.

Mwanza tulifika usiku. Nilimfungulia Chui katika chumba kimoja tu, na tenga, kanga yake, beseni la mchanga na maji. Usiku ule hakutoka. Alfajiri nilimkuta chini ya kitanda. Siku ya pili alikula kichwa cha sato, nusu, akakimbia kurudi tengani. Kwa wiki tatu hakutoka nje ya nyumba, kama bibi wa Nzega alivyonielekeza na kama daktari yeyote wa wanyama angenielekeza, ili aisugue nyumba mpya kona kwa kona mpaka inuke yeye. Wiki ya nne nilifungua mlango wa uani kabla hajala, njaa imrudishe. Alikwenda hadi kwenye mwembe, akanusa shina, akarudi.

Tenga sikulitupa. Liko sebuleni, mlango wazi, na mchana wa joto ndimo anamolala. Nawe msomaji mwenye mbwa au paka, hata kama huna safari mwaka huu, itoe leo kadi yake ya chanjo uisome tarehe ya mwisho. Kama imepita, au kama kadi hana, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii.